Kifaru Angani: Raha ya Uongo Mkubwa

Ndege ya mizigo aina ya C-130 imelipuliwa ikiwa angani juu ya Ujerumani. Kutoka kwenye moto wake kinachomoka kifaru cha kijeshi kilichofungwa miamvuli, na ndani yake wamo wanaume wanne wanaobishana. Ndege za kivita zisizo na rubani zinakiandama. Mmoja wa wale wanne anachomoza kiwiliwili juu ya mfuniko, anashika bunduki na kuanza kuzijibu huku usoni ana furaha ya mtoto aliyepanda bembea. Miamvuli inachanwa na risasi. Ardhi inakuja kwa kasi. Hapo mkuu wao, mzee mwenye mvi, anatoa amri: mzinga uzungushwe upande, upigwe, usogezwe kidogo, upigwe tena. Kila kombora likitoka, kifaru kinasukumwa kwingine. Watu wa CIA wanaotazama tukio hilo kwenye skrini zao wanachelewa kuelewa, kisha linawaingia: jamaa wanajaribu kukirusha kifaru. Na kweli, kinaangukia ziwani na wote wanatoka wazima.

Mwalimu wa fizikia hatakuwa na ugomvi na kanuni yenyewe. Mzinga ukirusha kombora mbele, wenyewe husukumwa nyuma. Hilo halina ubishi. Atakachokataa ni hesabu, maana kombora ni la kilo chache na kifaru ni cha tani nyingi. Lakini mwalimu huyo akiwa amelipa kiingilio kama sisi wengine, nadhani atanyamaza na kucheka. Mimi nimezitazama filamu nyingi zilizozaliwa upya kutoka kwenye vipindi vya zamani vya televisheni, na sijaona dakika zinazoshinda hizo za kifaru.

Filamu ni The A-Team, ya mwongozaji Joe Carnahan. Iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 11 Juni 2010, na kama tarehe hiyo inakukumbusha jambo, hujakosea: ndiyo siku Kombe la Dunia lilipofunguliwa Johannesburg, Siphiwe Tshabalala akaitungua Mexico na bara zima likapiga kelele. Si ajabu basi kwamba huku kwetu filamu hiyo ilipita bila wengi kuinua macho. Nani alikuwa na muda wa makomando wa Hollywood mwezi ule, vuvuzela zikilia kila kona?

Kipindi cha televisheni kilichoizaa kilianza Januari 1983 kwenye kituo cha NBC, ambacho wakati huo kilikuwa kinaburuzwa na wapinzani wake. Waliokibuni ni Stephen J. Cannell na Frank Lupo. Kisa kilielezwa kwa sekunde chache mwanzoni mwa kila sehemu, ili hata aliyechelewa kuketi asipotee: makomando waliopigana Vietnam wametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa kosa ambalo hawakulitenda; wametoroka gerezani, wamejificha Los Angeles, na sasa wanauza ujuzi wao kwa yeyote mwenye shida aliyekosa pa kukimbilia. Hannibal Smith ndiye mwenye mipango na sigara nene mdomoni. Face ni mtongozaji na laghai. Murdock ni rubani anayeishi hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakuna anayejua kwa hakika kama ana wazimu au anaigiza. B.A. Baracus ni fundi, dereva na ngumi ya kikosi, mwanamume asiyeogopa kitu chini ya jua isipokuwa kupanda ndege, kiasi kwamba kila safari ya anga ilibidi wenzake wamlaze kwanza kwa dawa waliyomtilia kwenye chakula au maziwa.

B.A. alikuwa Mr. T, na Mr. T ndiye aliyekiuza kipindi. Alikuwa baunsa na mlinzi wa watu mashuhuri mjini Chicago kabla Sylvester Stallone hajampa nafasi ya bondia katili katika Rocky III ya mwaka 1982. Ile mikufu ya dhahabu iliyojaa shingoni, alikuwa akieleza mwenyewe, ilianza na vito walivyoviacha wateja waliotolewa nje ya klabu baada ya fujo. Alivivaa ili mwenyewe akirudi avione na kuvidai bila kulazimika kuingia tena ndani. Miaka mingi baadaye, kimbunga Katrina kilipowaacha watu bila makazi mwaka 2005, aliamua kuacha kujipamba kwa dhahabu mbele ya wenye dhiki. Haya simulizi haiyahitaji sana, lakini nani anaweza kuandika kuhusu The A-Team akampita Mr. T bila kusimama?

Kila sehemu ilikuwa na mifupa ileile. Mkulima au mwenye duka anaonewa na wahuni wa mji. Kikosi kinaitwa, kinashinda pambano la kwanza, kisha kinanaswa. Na hapa ndipo penye utamu: maadui, kwa sababu ambazo hakuna mwandishi wa kipindi aliyewahi kujisumbua kuzieleza, wanawafungia makomando wanne kwenye ghala lenye mabati, mitungi ya gesi, mashine ya kuchomelea na gari bovu. Muziki unaanza. Cheche zinaruka. Dakika mbili baadaye mlango unavunjwa na trekta lililovishwa deraya, likirusha kabichi au chochote kilichopatikana shambani. Hannibal anawasha sigara yake na kutangaza kwamba hakuna kinachompa raha kama mpango uliokwenda sawa.

Katika msimu wa 1983 hadi 1984 kipindi kilishika nafasi ya nne kwa watazamaji Marekani nzima. Wakati huohuo kililaumiwa na waliopinga ukatili kwenye televisheni, na kwa hesabu ya risasi walikuwa na haki. Zilipigwa maelfu. Ila waliokufa katika misimu mitano wanahesabika kwa vidole. Gari la kijeshi linaparamia tuta, linapinduka hewani, linaanguka kichwachini, na kabla vumbi halijatulia kamera inaonyesha askari wawili wakitambaa kutoka dirishani huku wakijipangusa. Mpwa wangu wa darasa la sita, tulipokuwa tukitazama sehemu mojawapo, aliniuliza kwa upole wa mtu anayeogopa kumuumiza mkubwa: “Anko, hizi risasi zao ni za plastiki?”

Nilimjibu kwamba ni za kweli ila zina heshima. Hakuridhika, lakini hakuondoka.

Kipindi kile kiliwekwa saa mbili usiku, saa ambayo watoto bado hawajalala, kwa hiyo vita vyake vilipangwa viwe mchezo. Watayarishaji hawakuficha uongo huo. Waliuweka peupe mno hata ukawa ndio mkataba kati yao na mtazamaji: sisi tutavunja kila kitu, wewe hutauliza nani alizikwa. Mtu akikubali mkataba huo, anastarehe. Akiukataa, hata dakika tano hamalizi.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa mkataba wa namna hiyo. Miaka The A-Team ikitamba Marekani, Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Cha kwanza kilikuja mwaka 1994. Picha za mapigano zilitufikia kwa mikanda ya video na kwenye vibanda vya mabenchi na mapazia mazito, na humo kanuni zilijulikana kabla taa hazijazimwa. Steringi hafi. Adui mkubwa anamalizwa mwishoni. Akina Lufufu huku Tanzania na DJ Afro kule Kenya, ambao walijenga majina yao kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hawakumficha mtu lolote kati ya hayo. Mara nyingine walikuambia mapema nani atapigwa, kisha wakakucheka ulipomwonea huruma. Bado kibanda kilijaa. Aliyelipa pale alilipa ili aone steringi atatokaje, wala hakuwa na wasiwasi kama atatoka. Kifaru cha Carnahan kingepokewa kwa makofi na miluzi kwenye mabenchi yale, na msimulizi angekuwa na kazi ya ziada ya kuwatuliza.

Hollywood haikufika kwenye kifaru hicho upesi. Mradi ulizunguka mikononi mwa watu kwa miaka mingi. John Singleton, mwongozaji wa Boyz n the Hood, aliwahi kuushika kisha akauacha. Ukaishia kwa kampuni ya ndugu wawili, Ridley na Tony Scott, na Carnahan akaitwa. Vietnam ikabadilishwa kuwa Iraki, kwa kuwa askari wa vita ile ya zamani sasa wangekuwa wazee wa kusubiri pensheni. Kosa ambalo hawakulitenda, ambalo kwenye televisheni lilikuwa wizi wa benki huko Hanoi, sasa likahusu bamba za kuchapia noti za dola zilizopotelea Baghdad. Jina la Lynch, kanali aliyekuwa akiwafukuza katika msimu wa kwanza wa kipindi, likapewa jasusi mjanja wa CIA. Na lile gari jeusi lenye mstari mwekundu, ambalo mashabiki walilisubiri kama jamaa anayerudi kutoka ughaibuni, linasagwa mapema kabisa, kabla hadithi haijashika njia. Wapo waliokasirika. Mimi nililiona kuwa tangazo la kiungwana: tumekuonyesha tunalijua, sasa tuendelee.

Kuhusu waigizaji, Liam Neeson kama Hannibal ni chaguo lisilo na kasoro. Miaka miwili nyuma alikuwa ametoka kwenye Taken, ambako mzee wa Ireland ya Kaskazini aliyezoeleka kwa kazi nzito kama Schindler’s List aligeuka ghafla kuwa mtu wa kuvunja mifupa. Hapa anaweka ile sauti yake ya mahubiri kwenye maneno ya kipuuzi kabisa, na ndivyo hasa inavyotakiwa. George Peppard, Hannibal wa zamani, alikuwa na jino la utani. Neeson ana uzito wa padri. Bradley Cooper, kama Face, anatabasamu kwa kazi na kwa starehe. Quinton Jackson, bingwa wa zamani wa UFC, alipewa mzigo ambao hakuna binadamu angeubeba, yaani kuwa Mr. T bila kuwa Mr. T. Ngumi anazo, uso anao, lakini ucheshi ule wa mtu anayenguruma huku ana moyo laini haukufika.

Anayeibeba filamu ni Sharlto Copley, Msauzi aliyejulikana duniani mwaka mmoja tu kabla kwa District 9, iliyopigwa Johannesburg. Murdock wake anabadilisha lafudhi katikati ya sentensi na anapika nyama kwa viungo usivyotaka kuvijua. Onyesho la kutoroshwa kwake hospitalini ndilo la pili kwa ubora. Wagonjwa wamekaa ukumbini wamevaa miwani ya 3D wakitazama filamu. Kwenye pazia gari la jeshi linakuja moja kwa moja kuwaelekea. Na gari la kweli linapasua ukuta na kuingia kupitia pazia hilohilo. Wagonjwa wanapiga makofi. Angalia majina yanayotangulia kwenye filamu yao: mojawapo ni Reginald Barclay, mhusika ambaye Dwight Schultz, Murdock wa zamani, alikuja kumwigiza katika Star Trek. Asiyejua hapungukiwi kitu. Anayejua anatabasamu peke yake gizani.

Carnahan ana ufundi mwingine ambao televisheni ya 1983 isingeuweza kwa bajeti yake. Kwenye kipindi, mpango ulielezwa kisha ukatekelezwa, au haukuelezwa kabisa. Yeye anavichanganya. Hannibal anaeleza mezani namna bamba zitakavyochukuliwa, na kabla hajafunga sentensi tumeshakuwa Baghdad tukiona sentensi hiyo ikitendeka, kisha tunarudi mezani kwa swali la Face, kisha tena barabarani. Kazi ya kuelewa mpango na raha ya kuuona vinakuja kwa pamoja. Katika pambano la mwisho bandarini Los Angeles mpango umejengwa juu ya mchezo wa vikombe vitatu, binamu wa karata tatu zinazowaliza wageni Kariakoo: mpe mtu kitu cha kukodolea macho huku, kumbe mali iko kule.

Bahati mbaya bandari hiyohiyo ndiyo mahali filamu inapoteleza. Makontena yanaporomoka kama mvua, meli inapasuka, na kompyuta iliyotengeneza yote hayo inaonekana wazi. Kifaru nacho kilikuwa cha kompyuta kwa sehemu kubwa, najua. Tofauti ni kwamba kifaru kilikuwa na wazo moja la kichaa lililofuatwa hadi mwisho, na kila mzinga uliopigwa ulikuwa jibu la tatizo tuliloliona. Bandarini hakuna tatizo tena. Kuna vitu vinavyoanguka tu, na jicho linachoka.

Kosa la pili ni zito zaidi na linamhusu B.A. Akiwa gerezani anamsoma Gandhi, anaapa kuacha kuua, na kwa muda mrefu wa filamu anabeba kiapo hicho. Hannibal, ambaye anamhitaji vitani, anamjibu kwa maneno mengine ya Gandhi huyohuyo, ya kwamba kuna hali ambazo ukatili ni bora kuliko woga uliojificha nyuma ya amani. Mwishowe B.A. anavunja kiapo na kumuua adui kwa mikono yake, na muziki unatutaka tushangilie. Waandishi walidhani wameongeza kina. Mimi naona walikuwa na amani mkononi wakaitupa ili waihubiri. B.A. wa Mr. T hakusoma kitabu chochote cha kupinga mauaji. Aliwatupa watu juu ya meza, akawabamiza kwenye makreti, na wote wakaamka. Kipindi chote kilikuwa kimekataa kuua bila kutamka neno. Filamu inatamka sana, na maiti zinaongezeka.

Ndiyo maana nasema filamu hii inafurahisha kadiri inavyoukuza uongo wa zamani, na inachosha kila inapoona aibu kuwa uongo. Trekta la kabichi ni mzazi wa kifaru kinachopaa. Damu ni ileile, fedha ndizo zimeongezeka. Lakini mtu mwenye jeraha la nafsi aliyepandikizwa ili hadithi ionekane ya watu wazima hana ukoo na trekta.

Wengine waliochota kwenye televisheni walikwenda njia nyingine. Mission: Impossible ya mwaka 1996 ilimgeuza Jim Phelps, kiongozi aliyependwa wa kipindi, kuwa msaliti; Peter Graves, aliyemwigiza tangu miaka ya 1960, alikataa kushiriki, na mwenzake Greg Morris aliiona akatoka ukumbini kabla haijaisha. The Fugitive ya 1993 ilichukua mhimili mmoja tu wa kipindi, daktari anayekimbia na afisa anayemfukuza, ikaupigilia msumari mpaka Tommy Lee Jones akaondoka na Oscar. Treni inayoligonga basi la wafungwa ilikuwa treni ya kweli, iliangushwa mara moja huko North Carolina, na mabaki yake yaliachwa palepale. Halafu ipo Miami Vice ya 2006. Michael Mann, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kipindi chenyewe, aliirudia akiwa ameivua rangi, utani na jua. Wapo wanaoiabudu. Nimeijaribu, na kila mara namsubiri mtu acheke.

Sokoni The A-Team haikufanya maajabu. Iligharimu takriban dola milioni 110 na kukusanya takriban milioni 177 duniani kote, kiasi ambacho ukitoa mgawo wa wenye kumbi na gharama za matangazo hakimtajirishi mtu. Wiki ile ya kwanza ilipigwa kumbo na mtoto: The Karate Kid mpya, nayo ya kurudiwa, ilifunguliwa siku ileile na ikakusanya zaidi ya mara mbili. Sehemu ya pili haikutengenezwa. Cannell, ambaye jina lake limo miongoni mwa watayarishaji, alifariki dunia tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Waliokulia mbele ya vipindi vyake wanamkumbuka kwa sekunde zile za mwisho, anapomaliza kupiga taipu, anachomoa karatasi na kuirusha hewani.

Filamu inapatikana kwa urahisi siku hizi, na jioni ya Jumamosi inaitosha. Ongeza sauti. Kama una watoto nyumbani, pima mwenyewe kuhusu mauaji. Na majina yakianza kupanda usizime, kwa sababu baada yake kuna vipande viwili vifupi: katika kimoja Dirk Benedict, Face wa zamani, anaonekana akiwa mfungwa mwenzake Face mpya, na katika kingine Dwight Schultz ni daktari anayempima Murdock, akimkagua Copley kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi wake.